Picha Nyeusi na Nyeupe Ukielekea Kazini Nairobi: Mwongozo Kamili kwa Anayetumia Simu

Tatizo ninaloletewa ni lile lile kila mara. Mtu amepiga picha ya matatu iliyochorwa kuanzia bampa hadi paa, akaiondoa rangi kwenye simu, na kilichobaki ni kijivu kitupu. Uso wa makanga, ubavu wa gari na lami vimekuwa kitu kimoja. Akiongeza weusi, uso unapotea. Akiupunguza, picha inafifia. Mwishowe analaumu simu.

Kilichomvutia pale stejini kilikuwa rangi, na rangi ndiyo hiyo aliyoiondoa. Picha nyeusi na nyeupe husimama kwa mwanga na kivuli. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujabonyeza, na iliyobaki hufanyika jioni ukiwa umetulia. Nimeipanga kwa hatua, nikimfikiria mtu anayetoka nyumbani alfajiri na lazima afike kazini kwa wakati.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera inayokuruhusu kupunguza mwangaza kwa kidole. Karibu zote za siku hizi zinaruhusu.
- Kitambaa laini cha kufutia lenzi. Vumbi na mafuta ya vidole huifanya kila taa ya gari itoke na ukungu.
- Kamba ya kufungia simu kwenye kifundo cha mkono.
- Programu ya kuhariri picha ya Snapseed, ambayo ni ya bure.
- Dakika kumi na tano za ziada. Hiki ndicho kifaa ambacho watu hukosa kuliko vyote. Bila hizo utakuwa unapiga huku unakimbia, na hakuna hatua hapa chini itakayokusaidia.

Kamera kubwa si lazima. Ikiwa unayo, na kihisi chake kina ukubwa wa filamu ya milimita 35 (full-frame), weka lenzi ya milimita 28, tundu lake kwenye f/8 na fokasi ya mkono kwenye mita 2.5. Kila kitu kuanzia kama mita moja na nusu hadi mita 10 kitakuwa wazi, na hutahangaika na fokasi mtaani. Wengine wote, tuendelee na simu.

## Hatua ya 1: Fanya skrini iwe ya kijivu, picha ibaki na rangi

Usiku kabla hujalala, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, ile iliyowekwa kuwasaidia wenye matatizo ya kuona. Kwenye mambo ya rangi za skrini kuna chaguo la kuonyesha kila kitu kwa kijivu. Liwashe. iPhone zinalo na Android nyingi zinalo. Ukifungua kamera sasa utaona dunia bila rangi, lakini picha itakayohifadhiwa itakuwa na rangi zake zote.

Rangi hizo utazihitaji sana kwenye hatua ya 9, na ndiyo maana sishauri kutumia filta ya nyeusi na nyeupe iliyomo ndani ya kamera. Simu nyingi zikishapiga kwa filta hiyo, rangi zimetupwa na hazirudi. iPhone huzihifadhi chini yake, lakini hata huko njia ya skrini ni salama zaidi.

Simu yako ikiwa na modi ya Pro inayotoa faili ghafi za RAW, iwashe, ila ujue kila picha itakula nafasi kubwa. Zima pia HDR kama simu inakuruhusu. Kazi ya HDR ni kuangaza vivuli, na vivuli ndivyo tunavyovitafuta.

Jipime hivi: weka nyanya na pilipili hoho ya kijani mezani, uzitazame kupitia kamera. Ukiona ni vigumu kuzitofautisha kwenye skrini ilhali macho yako yanazitofautisha bila shida, umeanza kuona kama picha itakavyoona.

## Hatua ya 2: Chagua sehemu tatu tu kwenye njia yako

Usijaribu kupiga safari nzima. Chagua sehemu tatu unazopita kila siku kwa miguu: labda kivuko cha karibu na nyumbani, steji unayoshukia, na kona moja kabla ya kufika ofisini. Zipitie wiki nzima bila kubadilisha.

Faida kubwa ya msafiri wa kila siku ni kwamba anarudi. Mtalii hupita Tom Mboya Street mara moja na kuchukua alichokikuta. Wewe unaweza kujua kwamba mwanga hupenya kati ya majengo mawili saa 1:40, ukaangukia mlango wa duka fulani, kisha ukaondoka. Kesho utakuwa pale saa 1:35.

Upande unaotoka unabadilisha mambo. Wanaotoka Eastlands kwa Jogoo Road wanaelekea magharibi asubuhi, kwa hiyo jua liko mgongoni na linamulika kila kilicho mbele yao. Wanaotoka Kangemi kwa Waiyaki Way, au Dagoretti kwa Ngong Road, wanalikuta machoni, na watu mbele yao wanageuka vivuli vyeusi. Jioni mambo ni yale yale: wa Eastlands jua liko mgongoni tena, wa Kangemi linawachoma tena. Wa Mombasa Road linawapiga ubavuni upande wa kulia wakiingia mjini. Hakuna upande mbaya, bali kila upande una picha zake. Jua likiwa mgongoni kwako tafuta nyuso na maandishi. Likiwa machoni tafuta maumbo.

Ukikosa pa kuanzia, nenda chini ya Expressway kwenye Uhuru Highway. Tangu ifunguliwe mwaka 2022 wengi huinung'unikia kwa kuziba mbingu, lakini kwa picha hizi ni hazina. Jua la asubuhi huingia kwa ubavu, nguzo hukata mwanga vipande vipande, na anayetembea hapo huingia gizani na kutoka nuruni kila baada ya hatua kadhaa. Katikati ya mji, Moi Avenue na Tom Mboya hukatiza njia ya jua, kwa hiyo mwanga hupenya kwenye mianya ya majengo. Kenyatta Avenue huelekea mashariki, kwa hiyo ukiingia kutoka upande wa Uhuru Highway asubuhi utakuwa unalitazama jua.

## Hatua ya 3: Pima muda kwa kivuli chako

Nairobi iko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:45 asubuhi, kisha hupanda wima bila kuzungukazunguka. Mwanga mzuri wa pembeni haukai.

Huhitaji programu ya kupima. Tazama kivuli chako. Kikiwa mara mbili ya urefu wako au zaidi, jua bado liko chini. Hiyo ni hadi saa mbili asubuhi hivi. Kikilingana na urefu wako, ni kama saa tatu na nusu, na kuanzia hapo macho ya watu yatakuwa mashimo meusi chini ya paji la uso. Rudisha simu mfukoni hadi jioni.

Siku za Julai, wingu likiwa zito na watu wamevaa majaketi, kivuli hakuna kabisa. Wengi hughairi, na hapo wanakosea: mwanga huo laini ni mzuri kwa nyuso, kwa mikono ya mtu anayemimina chai, kwa ngozi ya mzee. Achana na mitaa mipana, sogea karibu, na usiweke anga kwenye fremu, kwa kuwa litakuwa karatasi nyeupe juu ya picha. Mvua nayo ikinyesha, subiri isimame. Lami yenye maji hurudisha taa za magari, na dimbwi la Haile Selassie Avenue linaweza kubeba taswira ya jengo zima.

## Hatua ya 4: Pima mwanga kwenye sehemu inayong'aa

Hapa ndipo picha nyingi hufia.

Gusa skrini kwenye sehemu yenye mwanga mwingi zaidi, kama shati jeupe au ukuta unaomulikwa. Endelea kubonyeza hadi kamera ifunge kipimo hicho. Kisha vuta ile alama ya jua kuelekea chini hadi uone mikunjo ya shati. Picha itaonekana nyeusi mno. Usiogope.

Sababu ni kwamba weupe ukishaungua haurudi. Hakuna kitu ndani yake cha kurudisha. Kivuli kilichozama kidogo bado kinaweza kuinuliwa jioni. Tena simu huwa inajaribu kuifanya kila picha iwe ya mwangaza wa wastani. Ukiiachia iamue, giza la uchochoro litatoka kijivu na jua litatoka jeupe tupu.

Ngozi nyeusi inataka umakini wa ziada. Mtu akisimama na anga jeupe nyuma yake, uso wake utageuka doa lisilo na macho, na kuangaza picha nzima kutaunguza anga bila kuuokoa uso. Dawa ni kusogea wewe. Zunguka hadi nyuma yake kuwe na kitu cheusi, mathalani mlango wa duka ulio wazi au ubavu wa basi, na uso wake uelekee mwanga. Mtu aliyesimama chini ya ukingo wa paa la duka akitazama barabarani ana mwanga bora kuliko wote: unamwingia kwa mbele, laini, na nyuma yake ni giza. Shavu litang'aa, jicho litakuwa na nukta ya nuru.

Utajua umefaulu ukikuza picha na kuona vitu viwili kwa pamoja: nyuzi kwenye shati jeupe, na mpaka kati ya nywele na giza lililo nyuma.

## Hatua ya 5: Weka fremu kwanza, kisha ngojea mtu

Usiwakimbize watu na simu. Tafuta mahali penye mwanga na kivuli vinavyokutana, panga fremu, funga kipimo cha mwanga, kisha simama. Nairobi asubuhi haiwezi kukunyima mtu: hamali na mkokoteni wake, mwanafunzi na begi, mtu wa ofisini anayeangalia saa.

Bonyeza anapoingia kwenye nuru, miguu ikiwa imeachana. Miguu ikiwa pamoja mtu huonekana kama nguzo. Piga nyingi mfululizo kwa kushikilia kitufe, kisha utachagua moja.

Kwenye modi ya Pro, anayetembea anahitaji kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya sekunde 1/250, anayekimbia au boda boda 1/500 au zaidi. Ukitaka mkokoteni uonekane unakwenda, shuka hadi 1/30 na uzungushe mwili pamoja nao huku ukipiga. Nyingi zitaharibika, na hiyo ni kawaida ya mbinu hii.

Onyo: usisimame ukingoni mwa barabara na simu mkononi. Wanaopora kwa pikipiki hawakupi nafasi ya kugeuka. Weka mgongo ukutani, begi kifuani, kamba kwenye kifundo. Piga dakika mbili tatu, rudisha simu, tembea. Na kama mahali panakutia wasiwasi, sikiliza wasiwasi wako. Picha itakuwepo kesho.

## Hatua ya 6: Ndani ya matatu

Keti dirishani na ufunge dirisha, hasa kwenye steji, raundabauti na msongamano, maana mkono unaoingia dirishani huingia mara moja tu. Kupiga kupitia kioo kunawezekana. Futa kioo, sogeza lenzi karibu nacho kabisa ili kisirudishe taa za ndani, lakini usiiegemeze hapo. Injini hutetemesha kioo na picha itatikisika. Acha nafasi ya unene wa kidole na ubane viwiko kwenye mbavu.

Gari likienda usihangaike. Ngojea lisimame. Msongamano wa Nairobi unachosha, lakini kwako ni muda wa kazi: uso kwenye dirisha la basi la jirani, mchuuzi wa njugu akipita kati ya magari.

Ndani ya gari kwenyewe, mwanga ulio bora uko karibu na mlango. Makanga akining'inia pale ni picha inayojulikana, ila mwambie kwanza: "Boss yangu, nikupige picha moja ya kazi?" Wengi hukubali, na wengine hujipanga kupita kiasi. Piga hiyo ya kujipanga, mshukuru, kisha ngojea akumbuke abiria wake. Ya pili ndiyo utakayoitumia.

## Hatua ya 7: Omba, na ujue pasipopigwa picha

Mtu akiwa umbo dogo mtaani, endelea. Uso wake ukijaza fremu, omba. "Shikamoo mama. Napenda hivi mwanga unavyoangukia meza yako. Naomba nikupige picha ukiendelea na kazi." Akikataa, sema asante na uondoke. Akikuambia ununue kwanza, nunua, ni haki yake. Ukimpiga, mrudishie picha hata kwa WhatsApp. Utapita hapo kesho na kesho kutwa, na heshima yako njiani ndiyo leseni yako.

Watoto usiwapige nyuso bila mzazi, hata wakikuomba wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haichezi na hili: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Picha yoyote ya kibiashara yenye uso unaotambulika, pata idhini ya maandishi.

Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi, mahakama na uwanja wa ndege usielekeze simu kabisa. Kenya ina sheria ya maeneo yanayolindwa, na mlinzi hatataka kujua kwamba ulikuwa unafuata kivuli. Ndani ya stesheni ya reli, benki na maduka makubwa, uliza kwanza. Askari wa kaunti akikusimamisha, mwonyeshe picha kwa utulivu, mweleze unaenda kazini, usibishane.

## Hatua ya 8: Chagua kabla ya kugusa chochote

Usifute picha ukiwa njiani. Skrini kwenye jua hudanganya. Ngojea jioni ya Jumamosi, kisha uzitazame zote zikiwa ndogo kama kucha ya kidole gumba. Ambayo bado inaonekana wazi katika udogo huo ina mpangilio mzuri wa weusi na weupe. Ambayo lazima uikuze ndipo uielewe, iache.

## Hatua ya 9: Geuza rangi kuwa kijivu unachokitaka

Kwanza rudisha skrini kwenye rangi, la sivyo utafanya kazi hii gizani. Fungua picha kwenye Snapseed, chagua kifaa cha Black & White, kisha tafuta alama ya filta za rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu.

Chukua picha ya meza ya mama mboga, nyanya zikiwa zimepangwa mafungu pembeni ya sukuma wiki. Bila filta, nyanya na sukuma hutoka kijivu kinachokaribiana, na meza yote hulala. Gusa filta nyekundu. Nyanya zinapanda hadi karibu na weupe, kila moja na nukta yake ya jua, na sukuma inashuka kuwa nyeusi. Gusa ya kijani na mambo yanapinduka: majani yanafunguka, mishipa inaonekana mmoja mmoja, nyanya zinakuwa nyeusi na nzito kama mawe ya mto. Ni meza ile ile, asubuhi ile ile, na wewe ndiwe uliyeamua nani aonekane. Hii ndiyo sababu nilisisitiza rangi zihifadhiwe.

Kanuni ni kwamba filta huangaza rangi yake na kufifisha iliyo kinyume nayo. Kwa hiyo:

- Ngozi ya kahawia: filta ya chungwa huipa mng'ao na kulainisha madoa. Ya buluu huitia giza na kutoa kila kovu. Itumie kwa makusudi tu.
- Anga la buluu lenye mawingu: nyekundu hulitia giza na mawingu yakasimama. Kwenye simu za bei nafuu huleta chembechembe, basi jaribu chungwa.
- Matatu: ule mstari wa njano hung'aa kwa njano, chungwa au nyekundu. Michoro ya rangi nyingi huwa ngumu, maana kila filta itaua kitu. Chagua neno au sura moja, mengine yaache yazame.

Ukimaliza filta, shusha vivuli hadi upate angalau sehemu moja nyeusi kweli, na pandisha mwanga hadi sehemu moja iwe karibu na nyeupe. Kati ya hizo mbili pawe na kijivu cha namna nyingi. Ukitaka kuona kazi hiyo imefanywa na bwana, tafuta picha za Priya Ramrakha, mpiga picha wa habari mzaliwa wa Nairobi.

Onyo: vifaa vya Snapseed vya Details, kinachokoleza vitu vidogo kama mikunjo na nyuzi, na HDR vitumie kwa tone. Vikizidi, nyuso zinaonekana zimepakwa masizi na kila jengo linakuwa na ukungu mweupe pembezoni.

Ukikwama na kijivu bado kimetawala, usiendelee kuvuta vitelezi. Rudi kwenye picha ya rangi ujiulize mwanga ulikuwa unatoka wapi. Kama jibu ni "kila mahali", hakuna programu itakayokusaidia. Kesho pita pale mapema.

## Hatua ya 10: Chapisha moja kwenye karatasi

Chagua picha moja kwa mwezi uipeleke studio yoyote ya mjini, saizi ya inchi 4 kwa 6 inatosha kuanzia. Kabla ya kuipeleka, iangaze kidogo kuliko unavyopenda kwenye skrini, kwa kuwa karatasi haina taa nyuma yake na vivuli huzama.

Mashine nyingi huchapisha nyeusi na nyeupe kwa kuchanganya rangi, na picha inaweza kutoka na ukijani au uzambarau. Mwambie mhudumu unataka kijivu safi na asiweke marekebisho ya mashine. Mwombe atoe nakala moja kwanza, toka nayo nje uitazame kwenye mwanga wa mchana, na ikiwa ina rangi mwonyeshe airekebishe kabla hujalipia zilizobaki.